Kuunganisha au kupandikiza: Funzo la rasimu za Katiba kwa waandishi wa programu

MWEZI wa Mei 2010, nakala za Katiba Iliyopendekezwa zilipotoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali, baadhi yake ziligunduliwa kuwa na jambo ambalo Bunge halikulipitisha. Katika Kifungu cha 24, kinachoeleza ni wakati gani haki za raia zinaweza kuwekewa mipaka, yalikuwa yameongezwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya usalama wa taifa. Yalikuwa maneno mawili tu. Lakini kwa hayo mawili, serikali ingepata mlango wa kubana haki nyingi zilizoorodheshwa katika sura hiyo na kudai kuwa Katiba yenyewe imeiruhusu.

Aliyekuwa Mkuu wa Sheria, Bw Amos Wako, aliikana nyongeza hiyo, nakala zenye kasoro zikaondolewa na wapelelezi wakaitwa. Swali lililoulizwa kila mahali lilikuwa jepesi: ni nani aliyeyaweka, lini, na kwa idhini ya nani?

Mwandishi yeyote wa programu za kompyuta angestaajabu kusikia kwamba swali la aina hiyo linahitaji wapelelezi. Katika kazi yake, kila badiliko, hata la nukta moja, huwekwa kwenye kumbukumbu pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na saa, na maelezo mafupi ya sababu. Akitaka kujua nani aliandika mstari wa 24, hutoa amri moja na jibu humjia kabla hajanyanyua kikombe chake cha chai. Ni kweli kwamba jina laweza kughushiwa, na ndiyo sababu makundi yenye uangalifu huweka sahihi za siri. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Kumbukumbu hiyo hata hivyo ina jambo ambalo wengi wanaoanza kazi hii hawaelezwi mapema: aliye nayo anaweza kuiandika upya. Anaweza kuzipanga hatua zake kwa mfuatano mwingine, kuzifuta zenye aibu, na kuifanya kazi ya wiki mbili ya kuhangaika ionekane kama safari ya asubuhi moja. Je, afanye hivyo, au aiache historia ilivyo pamoja na makovu yake? Mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, hawezi kulikwepa swali hili, sawa na mwenzake aliye Nairobi au Bangalore. Mara nyingi hujibiwa kwa ushabiki, kama watu wanaobishana kuhusu timu za kandanda. Nadhani jibu lipo, na Wakenya tuliwahi kuliona likitendwa hadharani.

Chombo chenyewe huitwa Git. Kiliundwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland aliyeanzisha mfumo wa Linux mwaka wa 1991, baada ya kampuni iliyokuwa ikiwapa yeye na wenzake programu ya kazi hiyo bila malipo kuiondoa ruhusa yake. Mifumo mingi iliyotangulia iliweka kumbukumbu zote kwenye kompyuta moja kuu. Git humpa kila mshiriki nakala kamili ya historia nzima. Sifa hiyo si ndogo kwa mtu anayefanya kazi mahali ambapo intaneti hukatika. Anaweza kuandika na kuweka rekodi siku tatu bila mtandao, kisha akapata ishara juu ya kilima na kuipeleka kazi yote kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba katika siku hizo tatu wenzake nao hawakulala. Historia zinakuwa mbili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Vijana wawili wanaandika programu ya kuhesabu mauzo ya kioski cha maji. Mmoja yuko Kwa Vonza, mwenzake ni msichana aliye Wote, makao makuu ya Makueni. Jumatatu wote wana nakala moja. Kijana anaanzisha tawi lake, yaani mstari wake wa kazi ulio kando ya shina kuu, na humo anaweka rekodi tatu za ripoti ya mwezi. Msichana naye anaweka rekodi mbili kwenye shina kuu: amebadilisha kipimo, ili programu ihesabu mitungi ya lita 20 badala ya lita mojamoja, kwa sababu hivyo ndivyo maji yanavyouzwa. Ijumaa kazi hizo mbili lazima zikutane.

Zipo njia mbili. Ya kwanza huandikwa git merge, na tuiite kuunganisha. Ya pili huandikwa git rebase, na kwa sababu nitakazozieleza nitaiita kupandikiza.

Kuunganisha ni jambo ambalo mwenyeji wa Kitui amelijua kabla ya kompyuta. Mto Athi, ambao kwa sehemu kubwa ndio mpaka kati ya Kitui na Makueni, huteremka hadi ukakutana na mto Tsavo. Kuanzia hapo maji huitwa Galana, na yakikaribia bahari upande wa Malindi huitwa Sabaki. Anayetembea kando ya Galana akielekea juu atafika penye maungano, na hapo ataona kwa macho yake kwamba maji haya yana vyanzo viwili, na anaweza kuchagua kuufuata huu au ule. Git nayo ikiunganisha huandika rekodi mpya yenye wazazi wawili: kazi ya kijana na kazi ya msichana. Hakuna kilichosogezwa. Rekodi tatu za kijana zimebaki pale zilipoandikwa, za msichana vilevile, na mshono unaonekana.

Ili kuunganisha, mashine hailinganishi nyaraka mbili bali tatu: ya kijana, ya msichana, na ile ya Jumatatu waliyoanza nayo wote. Huyo babu wa pamoja ndiye ufunguo. Mahali ambapo mmoja tu amegusa, mashine huchukua badiliko lake bila kuuliza. Mahali ambapo wote wawili wamegusa mstari uleule kwa namna tofauti, husimama na kusema kuna mgongano; binadamu aje aamue.

Msomaji aliyekuwa Kenya mwaka wa 2009 amekwisha kuiona kazi hii ikifanywa na watu. Mwaka huo Kamati ya Wataalamu ilianza kazi chini ya mwenyekiti wake, wakili Nzamba Kitonga, mwana wa Kitui na mwenyekiti wa zamani wa Chama cha Mawakili nchini, aliyefariki Oktoba 2020. Mezani kulikuwa na rasimu kadhaa, zikiwemo ile ya Bomas iliyopitishwa na wajumbe Machi 2004 na ile ya Bw Wako iliyokataliwa kwenye kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005. Sheria ya mwaka wa 2008 iliyoiunda kamati hiyo haikuiagiza ianze kuandika Katiba upya kwenye karatasi nyeupe. Iliitaka itenge mambo ambayo rasimu zilizokuwepo zilikubaliana na yale yaliyokuwa na utata. Kamati ikatangaza kwamba yenye utata yalikuwa matatu: mfumo wa Serikali Kuu na Bunge, ugatuzi, na vifungu vya mpito. Mengine yote yalichukuliwa kuwa yamekubaliwa.

Sijui mfano bora zaidi wa kumweleza mtu namna mashine inavyounganisha. Kurasa nyingi zilijiunga zenyewe. Mahali patatu palihitaji watu kuketi. Na waliketi kweli. Rasimu Iliyooanishwa ilitolewa Novemba 17, 2009, wananchi wakapewa siku 30 kuitolea maoni. Januari 2010 Kamati Teule ya Bunge ilikutana Naivasha na kuuacha mfumo wa mamlaka kugawanywa kati ya Rais na Waziri Mkuu, ikachagua Rais mwenye mamlaka ya utendaji. Aprili 1 Bunge liliipitisha hati bila marekebisho hata moja kupata kura za kutosha. Wapiga kura waliikubali Agosti 4, na Agosti 27, 2010, ikazinduliwa rasmi. Kila hatua ina hati yake na tarehe yake. Mtafiti wa leo anaweza kuzisoma moja baada ya nyingine na kuweka kidole mahali hasa ambapo Waziri Mkuu alitoweka.

Sasa tuvuke Athi tuingie Makueni, kwenye maembe. Mkulima anayetaka matunda ya aina fulani hangoji kokwa iote. Hukata kijiti kutoka mwembe wa aina anayoitaka, akakifunga juu ya shina jingine lenye mizizi imara, na baada ya miaka michache anayepita njiani huona mti mmoja ulionyooka. Asipoelezwa, hatajua kwamba kilicho juu kilizaliwa kwingine.

Ndivyo kupandikiza kunavyokuwa. Kijana wa Kwa Vonza anaziondoa rekodi zake tatu mahali zilipoota, yaani juu ya nakala ya Jumatatu, na kuziweka juu ya rekodi mbili za msichana. Historia inakuwa mstari mmoja: Jumatatu, kazi ya msichana, kazi ya kijana. Inasomeka kana kwamba kijana alimngoja mwenzake amalize ndipo akaanza.

Hapa pana jambo ambalo ni lazima lieleweke vizuri, kwa kuwa balaa zote huanzia hapo. Git haizihamishi rekodi hizo, inazinakili. Kila rekodi ina alama yake ya utambulisho, kwa kawaida herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, pamoja na alama ya mzazi wake. Ukibadilisha mzazi, alama hubadilika, na ya mtoto wake, na ya mjukuu. Kwa hiyo rekodi tatu mpya si zile za zamani. Ni nyingine zinazofanana nazo, na zile za kwanza zimeachwa bila tawi la kuzishika.

Mbona basi mtu afanye hivyo? Kwanza, kwa sababu historia iliyonyooka husomeka. Kundi la watu kumi wanaounganisha kila siku huacha nyuma yao mchoro uliotatizana kama nyuzi za kiondo kilichofumuka. Pili, kwa sababu kosa hutafutika kwa wepesi. Git ina njia ya kutafuta rekodi iliyoleta hitilafu kwa kugawanya nusu: jaribu ya katikati, ikiwa nzima kosa liko mbele, ikiwa mbovu liko nyuma, na uendelee. Rekodi 1,000 humalizwa kwa majaribio yapatayo 10. Njia hiyo hufanya kazi hata kwenye historia yenye maungano mengi, lakini kwenye mstari mmoja majibu yake ni wazi zaidi.

Sababu ya tatu naielewa kuliko zote kwa ajili ya kazi yangu ya uhariri. Rasimu ya kwanza ya mtu haina haja ya kuonekana na ulimwengu. Miongoni mwa rekodi za mwandishi wa programu zimo zinazosema "nimesahau mabano", "najaribu tena", "sasa labda". Anapokaa kabla ya kuikabidhi kazi, akazikusanya ziwe mbili au tatu zenye maana, hamdanganyi mtu. Anafanya ambacho kila mwandishi mwenye adabu hufanya kabla ya kumpelekea mhariri.

Ipo kazi kubwa ya Afrika Mashariki inayofuata desturi hiyo. OpenMRS ni mfumo wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka wa 2004, na mahali ulipotumika mapema zaidi ni Eldoret, katika mpango wa AMPATH, mwaka wa 2006. Kutokana nao ulizaliwa KenyaEMR unaotumiwa katika vituo vya afya nchini. Msimbo wa OpenMRS huandikwa na watu waliotawanyika katika nchi nyingi, wengi wao wa kujitolea, ambao hawajaonana uso kwa uso. Waliozoea kuuchangia wanajua ombi la wasimamizi: kabla ya kuleta kazi yako, ipandikize juu ya shina la leo, na vijirekodi vyako vidogo uvikusanye pamoja. Ni ombi la haki. Mgongano wowote uliopo uutatue wewe uliyeandika, si msimamizi ambaye ana kazi za wengine hamsini mbele yake.

Hadi hapo kupandikiza kunaonekana kushinda. Lakini hebu tugeuze mfano kidogo.

Tuseme kijana, kabla ya Ijumaa, alikuwa tayari amelipeleka tawi lake kwenye ghala la pamoja, na msichana akalichukua na kuongeza rekodi zake nne juu yake. Usiku kijana anaona historia yake haipendezi. Anaipandikiza. Ghala la pamoja linamkatalia, kwa kuwa alichonacho sasa hakifanani na kilichopo. Anasoma mahali fulani kwamba kuna neno la kulazimisha, analiongeza kwenye amri yake, na ghala linatii. Rekodi nne za msichana hazipo tena kwenye tawi hilo. Zilizobaki ziko kwenye kompyuta yake tu, zimeota juu ya rekodi ambazo kwa wengine hazipo. Asubuhi akijaribu kuleta pamoja alicho nacho na kilichopo, ataona kazi ileile ya kijana mara mbili kwa alama tofauti, na migongano mahali ambapo hakuna aliyegombana. Aliyekosa amelala, mwenzake ndiye anayekesha.

Niliwahi kulipata pigo kama hilo kabla sijasikia jina la Git. Ilikuwa katika chumba kimoja cha habari, usiku, ukurasa umekaribia kufungwa. Nilikuwa nimesahihisha taarifa ndefu na kuihifadhi. Mwenzangu aliyekuwa na nakala ya alasiri akairekebisha yake na kuiweka juu ya yangu kwa jina lilelile. Tulichapisha makosa ambayo nilikuwa nimeyaondoa kwa mkono wangu. Kesho yake hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote, kwa kuwa faili lilikuwa moja na halikuwa na kumbukumbu ya lilivyokuwa awali. Nilichokumbuka mimi kilikuwa neno langu dhidi ya karatasi.

Na taifa nalo liliwahi kuionja hali hiyo. Rasimu ya Bomas ilikuwa imejadiliwa na wajumbe kutoka kila pembe na kupitishwa hadharani. Watu walikwisha kujenga juu yake matumaini, miungano na ahadi. Mwaka uliofuata ikafanyiwa mabadiliko, hasa kuhusu mamlaka ya Rais na Waziri Mkuu, ikaletwa mbele ya wapiga kura ikiwa rasimu ya Wako. Sidai kwamba kila badiliko lilikuwa baya. Baadhi ya sentensi, nikizitazama kwa jicho la kazi yangu, zilikuwa zimenyooka kuliko za Bomas. Lakini waliokuwa wamejenga juu ya ile ya kwanza walihisi kwamba msingi umeondolewa chini yao wakiwa ndani ya nyumba, na takriban asilimia 58 ya waliopiga kura walisema La. Miaka minne baadaye kamati ya Bw Kitonga ilichagua njia ya polepole na yenye mishono mingi, na hati ikapita.

Ndiyo maana naona kwamba swali la kuunganisha au kupandikiza limekuwa likiulizwa vibaya. Huulizwa kama swali la usafi: ni historia ipi inayopendeza? Linalofaa kuulizwa ni hili: je, kuna mtu mwingine aliyekwisha kujenga juu ya rekodi hizi? Kama hayupo, ni mali yako. Zioshe, zipange, zikate. Kama yupo, si zako peke yako tena, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni lako. Torvalds mwenyewe, alipowaeleza wenzake wa Linux mwaka wa 2009, aliweka mpaka papo hapo: kazi yako ya faragha unaweza kuipandikiza, na pengine inafaa uipandikize, lakini kamwe usiipandikize ya wengine.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa mstari ulionyooka hawapendi kulitaja. Mashine hutambua mgongano wa mistari. Haitambui mgongano wa maana. Turudi kwenye kioski. Msichana alibadilisha hesabu ili "kiasi" kiwe idadi ya mitungi. Kijana, katika faili jingine kabisa, aliandika ripoti inayozidisha kiasi kwa bei ya lita moja, kwa kuwa Jumatatu kiasi kilikuwa lita. Hakuna mstari uliogongana. Zikiunganishwa au zikipandikizwa, mashine itasema kila kitu ni sawa. Lakini ikiwa mtungi unauzwa kwa Sh5, mnunuzi wa mitungi mitatu amelipa Sh15, na ripoti itaonyesha senti 75. Mwisho wa mwezi mwenyekiti wa kamati ya maji ataitazama ripoti hiyo, ataona pesa mkobani ni mara ishirini ya zilizoandikwa, na maswali yake ya kwanza hayatakuwa ya kompyuta. Atamgeukia aliyeketi kwenye kioski.

Sasa mtu anaitwa atafute kosa lilipoingia. Kama vijana waliunganisha, atagundua kwamba tawi la kijana lilikuwa sahihi, shina la msichana lilikuwa sahihi, na kosa likazaliwa kwenye maungano. Huo ndio ukweli wenyewe. Kama kijana alipandikiza, kidole kitaelekea kwenye rekodi yake ya ripoti, na historia itasema kwamba aliiandika baada ya kipimo kubadilika, kana kwamba aliona mitungi akaandika lita. Git huihifadhi tarehe ya asili ya kuandikwa, lakini mpangilio ndio unaosomwa, na ni wachache wanaochunguza tarehe wakati wa lawama. Isitoshe, rekodi zile mpya hazikuwahi kujaribiwa na mtu zikiwa katika hali hiyo. Zilizojaribiwa Kwa Vonza zilikuwa zile za kwanza, zilizoota mahali pengine. Anayepandikiza ana wajibu wa kuzijaribu upya zote, moja baada ya nyingine, wala si ile ya mwisho tu. Git ina namna ya kuendesha majaribio hayo yenyewe kwenye kila rekodi inapopandikizwa, na haigharimu chochote ila muda.

Mgongano wa maana hauwaachi hata wataalamu. Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 81 kwamba wanaume au wanawake wasizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha umma kinachochaguliwa. Vifungu vya 97 na 98 vinaorodhesha viti vya Bunge la Kitaifa na Seneti, namna vinavyopatikana na idadi yake, bila kueleza theluthi hiyo itafikiwaje wapiga kura wakichagua vingine. Kila kifungu peke yake kinasomeka vyema. Kurasa zao hazigusani. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri kuhusu jambo hilo Desemba 2012, ikisema sheria ya kulitekeleza ipatikane kufikia Agosti 27, 2015. Siku hiyo ikapita, na Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, Bw David Maraga, akamshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitunga. Bunge halikuvunjwa.

Kwa kundi dogo la Kitui au Wote linaloanza kazi, basi, ningependekeza utaratibu huu, na hauhitaji ufundi mwingi. Tawi lako ambalo hujalikabidhi kwa yeyote, lipandikize juu ya shina kila asubuhi mtandao unapopatikana, ili migongano ije midogomidogo ungali unakumbuka ulichoandika. Kazi ikikamilika na kujaribiwa, iingize shinani kwa kuunganisha, na uiamuru Git iandike rekodi ya maungano hata pale ambapo ingeweza kuupitisha mstari bila mshono. Hapo utakuwa na mengi ya faida za mstari ulionyooka, na bado itaonekana kwamba rekodi hizi tatu ziliingia pamoja, siku fulani, kwa kukubaliwa na fulani. Kama tawi lina rekodi arubaini na limekaa miezi miwili, usilipandikize. Utajikuta ukiutatua mgongano uleule mara nyingi, kila rekodi na zamu yake, na mchoko huzaa makosa. Liunganishe mara moja.

GitHub, ghala la mtandaoni lililofunguliwa mwaka wa 2008 na linalotumiwa na wengi, humpa msimamizi vitufe vya kuunganisha, kupandikiza, na kuzikusanya rekodi zote za tawi ziwe moja. Pia humruhusu kulifunga shina kuu ili mtu asiweze kulilazimisha. Shina lifungwe siku ya kwanza, kabla ya mstari wa pili wa programu kuandikwa. Na anayelazimika kulazimisha kwenye tawi lake mwenyewe atumie ile namna ya tahadhari, ambayo hukataa ikiona kwamba kuna mwenzake aliyeweka kitu hapo tangu alipotazama mara ya mwisho.

Tena kuna habari njema kwa msichana wetu wa Wote. Rekodi zake nne hazijafa. Ziko kwenye kompyuta yake, na Git huweka daftari la mahali pote ambapo kila tawi limewahi kusimama. Hata akiwa ameliburura tawi lake bila kujua na kulifananisha na lile lililolazimishwa, rekodi zilizoachwa bila mshikaji hubaki kwenye daftari hilo kwa siku 30 kabla ya kuruhusiwa kufagiliwa, ikiwa hajabadilisha mipangilio. Amri yenyewe huandikwa git reflog. Aifungue, aitafute siku ya Alhamisi, na aanzishe tawi jipya mahali hapo.